Kanda ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imefungua msimu leo asubuhi, na dari ya jumba letu nayo haikuchelewa kazini. Nimetega ndoo nne na beseni moja. Profesa alipita, akalitazama beseni, akauliza kama ni kazi ya mwanafunzi wa sanaa. Nikamwambia ni kazi ya fundi aliyeziba paa mwaka jana. Hakucheka.

Jumba hili la maonyesho ni la Kitivo cha Elimu. Wageni hudhani tunatundika picha tu. Wakiingia wanakuta utafiti wa namna watoto wanavyojifunza na walimu wanavyofundisha, ila umegeuzwa video, sauti na michoro. Mimi ni fundi wa sauti na picha, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kitu kikiwaka hakuna anayejua nani amekiwasha. Kikizimika natafutwa chuo kizima.

Ghala la chini limeingia maji, kwa hiyo tumepandisha masanduku ya kanda za video zilizorekodiwa miaka thelathini iliyopita katika madarasa ya shule za msingi. Ziko sitini na nne. Ni utafiti wa Profesa alipokuwa kijana, ndio uliompa jina. Kazi yangu ni kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Daktari, mhadhiri anayesimamia maonyesho, atachagua za kuonyesha. Ufunguzi ni Ijumaa ya mwisho ya Mei.

Jioni nilimsimulia Mama. Akaweka kikombe chini. "Walikuja darasani kwangu hao," akasema. "Siku mbili nzima. Nilivaa gauni la kijani."

Alhamisi, 6 Machi

Kanda tisa zimekwisha. Tatu zina ukungu. Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Nilimtajia Profesa kwamba Mama yangu huenda yumo katika kanda zake. Alifurahi, akasema lazima awe mgeni rasmi wa ufunguzi. Mwalimu mstaafu, miaka thelathini na minne darasani, akate utepe. "Sawasawa kabisa," akasema, kama anavyofunga kila kikao.

Mama amepokea habari hizo kama anayepokea haki yake iliyocheleweshwa. Ameshampelekea fundi cherehani kitambaa. Tukipita mtaani muuza mboga humwita Mwalimu, kinyozi huacha kichwa cha mteja nusu ili amsalimie. Nusu ya mtaa huu amewafundisha kusoma yeye. Tangu utotoni nimetembea kando yake nikijiona mrefu kuliko nilivyo.

Jumatano, 19 Machi

Kanda ya arobaini na moja. Nitaandika kwa utaratibu, kama ninavyojaza fomu za kanda, kwa sababu nikiandika kwa namna nyingine sitamaliza.

Darasa la tatu. Madirisha kushoto. Watoto kama hamsini, watatu watatu kwenye dawati. Mwalimu ni mwanamke mwembamba mwenye gauni la kijani, ameipa kamera mgongo. Nilimjua kabla hajageuka, kwa namna alivyokishika kifutio kwa vidole viwili. Nilifurahi. Nilitaka kwenda kumwita Daktari aje aone Mama yangu alivyokuwa mzuri.

Mama anasema, "Cherehani, simama tukusikie."

Darasa linacheka kabla hajasimama mtu. Kisha anasimama mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, sare imempwaya, kitabu mkononi. Mama anamwambia apande juu ya dawati ili kamera imwone vizuri. Anapanda. Anaanza kusoma, na hapo nikaelewa jina lilikotoka. Ana kigugumizi. Neno la kwanza linamkwama: k-k-k-k. Mama anainua mkono kama kiongozi wa kwaya, na watoto hamsini wanaitikia pamoja: k-k-k-k. Mtoto anangoja wanyamaze. Anajaribu tena. Wanaitikia tena. Mama anatabasamu. Tabasamu la hasira ningelielewa. Hili ni lile la nyumbani, la mtu aliyeridhika na kazi yake.

Inachukua dakika kumi na moja. Kwenye dakika ya saba mtoto anajikojolea. Maji yanateremka mguuni hadi kwenye dawati, na walio karibu wanasogea wakipiga kelele. Mama anasema, "Endelea, hatujafika mwisho." Mtoto anaendelea. Kanda inakatika akiwa anashuka.

Hakumpiga. Niliirudia mara mbili nikitafuta kofi, na nadhani nilitaka liwepo. Kofi ningejua pa kuliweka. Walimu wote walipiga, sote tulipigwa, yangekwisha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimelowa. Mama alinipa taulo, akauliza kama nimeshaiona kanda yake. Nikasema bado.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Kazi kidogo. Sina la kuandika.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimeisikiliza kwa hedifoni, na nimegundua mambo mawili.

La kwanza. Kwenye dakika ya nne kamera inasita. Kabla haijasita, mwanamume aliye nyuma yake anasema kwa sauti ya chini, ya adabu: "Mwalimu, tuirudie hiyo ya kuitikia. Mwanga ulikuwa mbaya. Sawasawa kabisa." Na Mama anairudia. Mara ya kwanza ilikuwa utani wa mwalimu, mbaya, ungeishia pale. Yote yaliyofuata, pamoja na ule mkojo, yalifanywa kwa sababu mwanga ulikuwa mbaya. Sauti ni changa, lakini hakuna mwingine chuoni anayeyafunga maneno yake hivyo.

La pili halimo kwenye kanda, limo kwangu. Jina la Cherehani si geni. Nilipokuwa na miaka kumi, Mama akitoka kazini alikuwa akituigizia wanafunzi wake wakati wa kula. Alikuwa mwigizaji hodari. Mimi na kaka yangu tulicheka mpaka maji yakatutoka puani. Kulikuwa na Msinzia, kulikuwa na Kamasi, lakini kipenzi chetu kilikuwa Cherehani. Nakumbuka nikigonga meza kwa kijiko: "Mama, fanya Cherehani." Naye anafanya.

Hatukuwahi kuuliza kama kuna mtoto.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwonyesha Daktari. Alitazama hadi mwisho akiwa amesimama. "Maonyesho yetu ndiyo haya," akasema. "Mengine yote ni mapambo."

"Mwalimu huyo ni Mama yangu."

Akavuta kiti, akakaa. Kisha akanieleza taratibu za chuo: walimu walitia saini wakati ule, kwa hiyo ya Mama ipo. Watoto hawakuulizwa. Hatuwezi kuionyesha mpaka tumpate yule mtoto na akubali mwenyewe.

Kuhusu ile sauti sikumwambia. Kwenye spika za ofisini kwake haisikiki kwa urahisi. Nilijiambia si kazi yangu kutambua sauti za watu.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari anamtafuta kupitia rejista za zamani za shule. Mimi naomba kimoyomoyo asimpate.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua haikutoa nafasi ya kutoka. Mama alikuwa anakunja nguo kitandani, mimi nimekaa ukingoni nikimpa moja moja.

"Mama, unamkumbuka Cherehani?"

"Nimefundisha watoto wangapi mimi, mwanangu."

"Nimeiona kanda."

Aliendelea kukunja. Nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Wakati ule ndivyo tulivyofundisha. Mtoto mwenye ulimi mzito anahitaji kuona aibu kidogo, ndipo anajikaza."

"Alijikaza?"

"Aliyesema turudie si mimi. Ni yule bwana wa kamera. Mimi nilikuwa nimeshamaliza."

"Nimesikia. Nauliza, yeye alijikaza?"

"Jumatatu hakuja. Wala Jumanne." Alichukua shuka, akanipa ncha mbili nimshikie. "Nilimwandika hayupo muhula mzima, halafu nikalipigia jina mstari kwa rula. Mkaguzi alipokuja aliisifu rejista yangu. Alisema hajaona rejista safi kama ile."

Tulilikunja shuka, tukasogeleana kuunganisha ncha, tukawa uso kwa uso. Nilimtazama nikitafuta kitu, chochote. Akaniambia ncha yangu haijanyooka.

Jumanne, 22 Aprili

Amepatikana. Anapiga pasi kwenye chumba cha nguo cha hospitali moja, umbali wa saa moja kutoka hapa. Daktari amezungumza naye kwa simu. "Anasema atakuja," akaniambia. "Ilimchukua muda kulisema hilo."

Jumatano, 30 Aprili

Amekuja, ametoka kazini moja kwa moja, na mkononi ana kovu la pasi lenye umbo la ncha ya mshale. Mpiga pasi, nitamwita hivyo. Jina jingine sitaliandika tena nikimkusudia yeye.

Daktari alimsomea fomu yote, akamwambia anaweza kuondoka wakati wowote. Akaitikia kwa kichwa. Nikawasha.

Alitazama mikono ikiwa mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake benki. Pale pa mkojo Daktari aliinamisha uso, yeye hakuinamisha. Ilipokwisha akasema, "N-naomba irudishe n-nyuma. Mwisho pale."

Nikarudisha. Dakika ya mwisho darasa limechoka kuitikia, wamebaki wachache wanacheka ovyo, na mtoto juu ya dawati bado anasoma. Anafika mwisho wa ukurasa. Anafunga kitabu. Ndipo anaposhuka.

"N-nilimaliza," akasema.

Nikasimamisha picha pale pale.

"Miaka yote hii n-najua nilishindwa. Najua n-nilishuka katikati, nikakimbia. Hata mume wangu n-nilimwambia hivyo." Kisha akauliza, "Yule m-mwanaume anayesema irudiwe n-nani?"

Daktari akanigeukia. "Mwanaume gani?"

Kumbe yeye ameisikia bila hedifoni, bila kurudia. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. "Ni Profesa," nikasema. Nikairudisha, nikaongeza sauti, Daktari akasikia. Alikaa kama aliyemwagiwa maji.

"Na m-mwalimu, yu hai?"

"Yu hai. Ni Mama yangu."

Mpiga pasi alinitazama kwa makini, bila haraka. "Pua ni yake," akasema.

Kisha akatia saini. Alisema ionyeshwe yote. Isikatwe hata kidogo, na uso wake usifichwe. Nilimsindikiza getini kwa mwavuli. Njia nzima nilitaka kumwambia habari za mezani kwetu na kile kijiko. Nikamwambia aangalie dimbwi.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua ya mawe. Taa mbili za ukumbini zimeungua.

Alhamisi, 8 Mei

Profesa aliniita ofisini, akanikaribisha chai, akanimiminia mwenyewe. Miaka kumi na miwili sijawahi kumwona akishika birika. Alianza kwa kunisifia, jinsi jumba hili lisingesimama bila mimi, na nikajua napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Daktari amenionyesha kanda," akasema. "Kazi nzuri. Ila kuna sekunde tisa pale katikati, kelele za kiufundi tu. Zinamchanganya mtazamaji. Zitoe."

"Mwenye kanda alisema isikatwe."

"Mwenye kanda ni chuo." Alisukuma kisahani cha sukari upande wangu. "Nimefikiria pia habari za Mama yako. Mtu mzima yule, heshima yake mtaani, aje kuumbuliwa uzeeni kwa jambo ambalo siku hizo kila mwalimu alilifanya. Tunaweza kuuficha uso wake. Tuuweke ukungu. Abaki mgeni rasmi kama tulivyopanga, hakuna atakayejua."

Nilikoroga chai ambayo sikuitia sukari.

"Mkataba wako unafanywa upya Juni, siyo?" akauliza. "Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye ninayetia saini. Sawasawa kabisa."

Nilikwenda kwa Daktari. Alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Ameambiwa ama hivyo ama kanda isionyeshwe kabisa. "Ikionekana hivyo hivyo ni afadhali," akasema, bila kuniangalia.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekata. Sekunde tisa. Uso wa Mama nimeuwekea ukungu, fremu kwa fremu. Mshono hauonekani wala hausikiki. Mimi ni fundi mzuri.

Jumanne, 13 Mei

Mama amekwenda kujaribu gauni jipya. Limemkaa.

Jumamosi, 17 Mei

Mama aliomba kuiona kabla ya watu. Jumba limefungwa Jumamosi, mimi nina ufunguo. Tulikwenda mchana. Wanafunzi wa sanaa wamening'iniza madawati ya zamani darini kwa waya, na chini yake ndoo zangu bado zinapokea matone. Mama alipita katikati yake akigusa mguu wa dawati moja moja, akisema hili limetengenezwa vizuri, hili mbao yake mbovu.

Nikamweka kwenye kiti mbele ya ukuta wa nyuma, nikawasha projekta.

Nilisimama pembeni nimtazame yeye, kanda naijua. Nilikuwa nangoja. Nilijiambia akiiona kwa macho yake, mtoto akiwa mkubwa hivyo ukutani, kitu kitamdondoka. Dakika zikapita. Pale mtoto anapojikojolea, Mama akasogea mbele kwenye kiti.

"Kitabu amekishika chini mno," akasema. "Ndiyo maana pumzi inamwishia. Nilimwambia kila siku, inua kitabu."

Ilipokwisha alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Sura yangu mmeifuta. Na sauti ya yule bwana pia haipo."

"Tumeitoa. Profesa alitaka."

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa taratibu, kama anapokubali jibu la mwanafunzi. "Basi vizuri. Itaonekana yule mtoto alikuwa peke yake."

Aliyasema hayo kwa faraja kabisa. Akanipa mkono nimwinue.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua imepungua. Sijazungumza na Mama zaidi ya yale ya lazima. Maneno yake yale nalala nayo, naamka nayo. Yeye anadhani naumwa, ananichemshia maji ya tangawizi. Ananitunza. Hilo ndilo gumu, ananitunza kama alivyonitunza siku zote.

Alhamisi, 29 Mei

Nimezirudisha. Sekunde tisa, na uso. Faili jipya lina jina lile lile la zamani. Daktari aliingia nikiwa nafunga kompyuta, akasimama nyuma yangu, akaona ukubwa wa faili umebadilika. Yeye si mjinga. Akaniuliza kama spika zimejaribiwa. Nikasema zimejaribiwa. "Weka sauti ya kutosha," akasema, akatoka.

Jumamosi, 31 Mei

Ufunguzi ulikuwa jana. Naandika leo.

Asubuhi nilimwambia Mama asije. Nilimweleza wazi kwamba nimerudisha kila kitu. Alikuwa anafunga vifungo vya gauni jipya, mgongo kwangu. "Hutathubutu," akasema. "Nimekulea mimi." Akaniomba nimfungie kifungo cha juu, nikamfungia.

Saa kumi jioni ukumbi ulijaa. Wahadhiri, wanafunzi, walimu wastaafu waliokuja kwa ajili yake. Mama alikata utepe, akapigiwa makofi, akaketishwa kiti cha mbele kando ya Profesa. Mpiga pasi alikuwa nyuma, karibu na mlango, na mume wake. Nikabonyeza.

Uso wa Mama ulitokea ukutani, mrefu kuliko mlango. Nilisikia watu wakiguna kwa furaha, wale waliomjua ujanani. Kisha, "Cherehani, simama tukusikie," na kicheko cha watoto hamsini kikatoka pande nne za ukumbi. Nilikuwa nimezipanga spika vizuri. Mgeni mmoja alianza kucheka pamoja nao, akaacha.

Dakika ya nne ikaja. "Mwalimu, tuirudie hiyo ya kuitikia. Mwanga ulikuwa mbaya. Sawasawa kabisa."

Vichwa viligeuka. Vichache kwanza, vya wale wanaokaa naye vikaoni, halafu vingine vikafuata. Profesa alisema, "Zima." Hakupaza sauti. Sikuzima. Alinyanyuka aje kwenye swichi mwenyewe, akamkuta Daktari amesimama mbele yake, mikono nyuma, mgongo ukutani, anatazama video kama hamwoni. Kumsogeza ingebidi amguse mbele ya watu mia mbili. Hakumgusa. Kanda ikaenda hadi mwisho, mtoto akafunga kitabu, akashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama alikuwa amekaa wima, mkoba magotini. Mpiga pasi akaja kutoka nyuma, watu wakimpisha bila kujua ni nani, akasimama mbele ya kiti chake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Mpiga pasi akataja jina lake. La kwake, la baba yake, la babu yake, kama lilivyokuwa kwenye rejista. Lilimchukua labda nusu dakika. Hakukohoa mtu.

Mama akamtazama. Mama ambaye alinieleza kuhusu ule mstari wa rula, ambaye hajasahau hata Msinzia. "Sikukumbuki," akasema.

"Mimi n-nakukumbuka," akajibu Mpiga pasi. Akaondoka na mume wake.

Nilimrudisha Mama nyumbani kwa teksi. Alisema jambo moja tu, mlangoni, akitafuta ufunguo: "Umenivua nguo mbele za watu." Nilimsaidia kufungua mlango.

Jumatano, 4 Juni

Maonyesho yamefungwa. Tangazo mlangoni linasema paa linavuja. Ni siku ya sita hakujanyesha.

Walikuja watu wawili wa utawala, wakachukua masanduku yote, wakafuta kila faili kwenye kompyuta yangu mbele yangu. Hata nakala za majaribio. Profesa amewaambia wakuu wa chuo kwamba sauti ya miaka thelathini haiwezi kuthibitishwa, na wamemkubalia. Daktari amepewa likizo ya utafiti ambayo hakuiomba. Mkataba wangu haufanywi upya. Unga umemwagika, kama wasemavyo vijana.

Jumanne, 10 Juni

Jua kali. Muuza mboga bado anamwita Mama Mwalimu, ila hamwekei tena kiti.

Jumamosi, 14 Juni

Kaka yangu amekuja kumchukua Mama akaishi kwake. Alipakia masanduku mawili garini, kisha akaja jikoni nilikokuwa.

"Ulitaka nini hasa? Aombe msamaha? Umemwua mzee wa watu akiwa hai."

"Unamkumbuka Cherehani?" nikamwuliza.

"Usinianze."

"Wewe ulikuwa unaongeza hata mguu, kama fundi anayekanyaga cherehani."

Alitazama sinki. Alipokuwa mdogo akibanwa alitazama chini hivyo hivyo. "Tulikuwa watoto," akasema.

"Na yeye pia."

Akachukua chupa ya chai ya Mama kutoka kabatini, akatoka. Mama aliingia garini taratibu, akavuta mkanda, akaweka mkoba magotini. Nilisogea dirishani. Alipandisha kioo, si kwa hasira, kama mtu anayezuia vumbi. Nilibaki nimesimama barabarani hata baada ya gari kukata kona. Ndani ya nyumba kitanda chake alikuwa amekitandika.

Jumapili, 22 Juni

Mpiga pasi alinipigia simu Ijumaa. Aliomba nakala ya kanda. Anataka wanawe waone alivyosoma hadi mwisho.

Ilinibidi nimwambie hakuna nakala. Mimi fundi, miaka kumi na miwili, sikujiwekea hata moja.

"Basi njoo uwaambie w-wewe," akasema. "Wewe uliona."

Nimekwenda leo. Vyumba viwili, safi, ubao wa pasi umesimama dirishani kwa sababu Jumapili anapiga pasi nguo za majirani. Watoto watatu wakakaa kwenye mkeka, wameogeshwa kama wanaokwenda kupigwa picha. Mume wake akakaa mlangoni, mwenyewe akarudi kwenye pasi yake. Nikawaambia. Nilianza na madirisha upande wa kushoto, nikaenda hivyo hivyo, dakika kwa dakika, kwa sababu sijui namna nyingine. Sikuruka mkojo, mama yao alinionyesha kwa kichwa nisiruke. Sikuruka ile sauti. Nilipofika mwisho nikaendelea, nikawaambia kwamba mwalimu yule ni mama yangu, na kwamba nilipokuwa na umri wa mkubwa wao nilikuwa nikigonga meza nikidai mama yao aigizwe. Mpiga pasi hakujua hilo. Pasi ilisimama. Ikaendelea.

"Ndiyo," akasema, macho kwenye nguo. "N-nilifikiri lazima kulikuwa na watu kama nyie."

Sikupewa zaidi ya hapo, na sikustahili zaidi.

Kisha yule mdogo, wa miaka sita hivi, akaniuliza, "Hadithi yenyewe ilikuwa inasemaje?"

"Hadithi gani?"

"Aliyokuwa anasoma mama."

Kanda ile nimeicheza zaidi ya mara thelathini. Najua kila sekunde, najua ni mtoto gani anakohoa na lini ndege anapita dirishani. Hadithi siijui. Sikuwahi kuisikiliza, na hata ningetaka, kicheko kilikuwa kimeifunika yote.

Mpiga pasi akaisimamisha pasi wima, akaja katikati ya chumba. Anaijua kwa moyo. Ilimchukua muda, na watoto walingoja kila neno lifike, kama wanavyongoja siku zote. Ni habari za tarishi mmoja na mbuzi wake. Mbuzi alikula kofia ya tarishi, kisha akala mfuko mzima wa barua. Tarishi akaogopa kupoteza kazi. Akamfunga mbuzi kamba, akampeleka nyumba hadi nyumba, na kila aliyefungua mlango akamwambia, "B-barua yako imo humu ndani. N-naomba usubiri kidogo."

Watoto walicheka mpaka yule mdogo akalala chini, ameshika tumbo. Walikuwa wanamcheka mbuzi.